Shuka Lenye Tundu la Mkono

Sijawahi kuwa mtu wa kukaa kitako. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikitafuta viatu. Hata leo, magoti yakiwa yamechoka, naandika ukurasa mmoja, nasimama kuchungulia sufuria, narudi, nasimama tena kutazama kama mvua inakuja. Msomaji anivumilie. Kisa hiki chenyewe kilizaliwa na haraka yangu, na kama ningekuwa mtu mtulivu nisingekuwa nacho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ndogo upande wa Kisii, na nilikuwa nimeolewa Kebirigo, huko Nyamira. Mume wangu alifundisha shule ya mbali na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo niliishi peke yangu katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya wadi, na hamu yangu yote ya kusumbua watu niliimalizia kazini.

Siku hizo kumtilia mgonjwa damu ya mtu mwingine lilikuwa jambo jipya kwetu. Tulikuwa na chupa za kioo, mirija ya mpira ya kuchemsha, sindano nene za kutisha, na jokofu moja la mafuta ya taa lililoweza kutunza chupa chache kwa siku chache. Mgonjwa akihitaji damu tuliwageukia ndugu zake, na ndugu wakiitazama ile sindano walikumbuka ghafla ng'ombe waliowaacha bila mchungaji. Daktari wetu, Mzungu mmoja mrefu mwenye Kiswahili cha amri tupu, alichoka kuona akina mama wakifa kwa kukosa chupa moja. Akaniita.

"Wewe nasema sana," aliniambia. "Enda sema huko nje."

Nikaenda kusema. Nilisimama juu ya gogo sokoni Suneka nikasema, wanaume wakanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, wakarudi kwenye bei ya ndizi. Nilisema Nyamira mbele ya ofisi za serikali. Halafu nikasema Kebirigo, katika kanisa la bamkwe wangu, na huko ndiko nilikosikilizwa.

Bamkwe alikuwa mzee wa kanisa hilo. Alilima pareto na kahawa kidogo, alishika Sabato bila mzaha, na alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Mimi na yeye hatukuwahi kupeana mkono hata siku moja. Kwetu Wagusii kuna jambo linaloitwa chinsoni, ni aibu na heshima pamoja, na hakuna mahali ilipo kali kuliko kati ya mwanamume na mke wa mwanawe. Nikikutana naye njiani nilikuwa natoka njiani nikasimama majanini mpaka apite. Hakukanyaga ndani ya nyumba yangu. Tukiwa na neno la kuambiana, lilipitia kwa mamamkwe, hata kama sote watatu tulikuwa katika ua mmoja na kila mtu alisikia. Mgeni angecheka. Sisi hatukucheka, maana hivyo ndivyo tulivyoonyeshana kwamba tunathaminiana.

Siku ile kanisani alinisikiliza macho yakiwa chini. Nilipomaliza alisimama, akawageukia wanaume, akasema kwamba kumpa mtu damu yako ni kutoa sadaka, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza. Wanaume kumi wakasimama nyuma yake. Nilitoka pale nikiwa na kiburi ambacho kingehitaji kiti chake mwenyewe ndani ya basi.

Walikuja siku ya Jumatano juu ya lori lililokuwa likipeleka magunia ya pareto. Walivaa makoti yao ya kanisani. Mamamkwe alikuja nao, na wakati wanaume wakishuka na kujipangusa vumbi, alinivuta kando chini ya ukingo wa paa.

"Mwanangu," aliniambia, "wafanyieni haraka. Wamefunga tangu jana jua lilipotua. Hata maji hawajanywa. Mzee alisema mtu hapeleki sadaka tumbo likiwa limejaa."

Kama ningeruhusiwa kurudi mahali pamoja tu katika maisha yangu, ningerudi hapo. Nilikuwa nimefundishwa, na nilijua vizuri kama ninavyojua jina langu, kwamba mtu hatolewi damu akiwa na njaa na kiu. Kulikuwa na uji jikoni kwa wagonjwa. Kulikuwa na duka la ndizi nje ya lango. Nilichohitaji ni kusema neno moja na kuwangojesha saa moja. Lakini sindano zilikuwa zimechemka, daktari alikuwa mlangoni akitazama saa yake, na mimi nilikuwa na wanaume kumi na mmoja waliokuja kwa ajili ya maneno yangu. Niliogopa wakikaa watafikiri, na wakifikiri wataondoka. Nikajiambia watakula baadaye. Nikanyamaza.

Vitanda vilikuwa vitatu, vimepangwa sambamba, kila mtu akimwona mwenzake na chupa ya mwenzake. Alikuwapo mhudumu mwenzangu, mzee wa miaka mingi katika kazi ya kufunga vidonda, na tulikubaliana yeye ndiye atakayemshughulikia bamkwe. Alimtoa damu vizuri sana. Chupa ikajaa, ikawekwa juu ya meza ndogo. Mhudumu akaenda kitanda cha pili. Na bamkwe, badala ya kulala kama alivyoambiwa, akasimama wima, akavua kofia, akafumba macho ili aombee kazi iliyobaki.

Hakufika hata kwenye neno la pili. Uso wake uligeuka rangi ya majivu, jasho likamtoka juu ya mdomo, magoti yakaacha kazi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliruka. Kiwiko changu kiliipiga ile meza, chupa ikaanguka, damu yake yote ikatapakaa kwenye sakafu ya saruji, na yeye akaniangukia mikononi. Sikufikiri chochote. Mikono yangu ilifanya ilivyofundishwa: nilimlaza sakafuni, nikamfungua kola, nikamlegeza mkanda wa suruali, nikaiweka miguu yake juu ya bega langu ili damu irudi kichwani, nikampiga makofi ya shavu. Wanaume wengine walikuwa wakitazama. Mmoja akaanguka kutoka kwenye kitanda cha tatu. Wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi, ambao hata sindano haikuwagusa, wakaanguka nao.

Bamkwe alifumbua macho. Akaona miguu yake iko juu ya bega la nani. Akayafumba tena, na hakuyafumbua mpaka alipohakikisha nimetoka chumbani.

Waliondoka na lori lilelile bila kula na bila kuaga. Daktari alitazama sakafu, akanitazama mimi. "Hawa watu nakula asubuhi?"

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Walikula."

Akaandika kwamba walianguka kwa hofu.

Nilifikiri jambo litapoa. Nilijua nyumbani kwangu kuna aibu, na nilijua njia ya zamani ya kuiondoa: mbuzi angechinjwa, mambo fulani yangefanywa, na watu wangetazamana tena. Lakini bamkwe, kwa imani yake, hakuweza kuchinja mbuzi wa kutakasa. Wala hakuweza kujifanya hakuna kilichotokea. Alibaki katikati, kama mtu aliyefungiwa mlango wa mbele na wa nyuma. Na kumbe aibu ya kuguswa na mimi haikuwa ndiyo iliyomla zaidi. Mamamkwe alipokuja mjini mwezi uliofuata aliniambia mzee ameacha kukaa mbele kanisani. Anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Haombi mbele za watu.

"Anasema alisimama kuomba akapigwa chini, na sadaka yake ikamwagwa," mamamkwe alisema. "Anatafuta dhambi aliyoifanya. Juzi alikwenda kwa jirani kuomba radhi kwa ajili ya mpaka wa shamba wa miaka ile ya vita. Jirani mwenyewe hakumbuki ugomvi wowote."

Nilimmiminia chai. Nikaimwaga kwenye sahani, na hata hapo sikusema. Niliona haya kwa mamamkwe, niliogopa daktari, niliipenda kofia yangu nyeupe. Nimejaribu miaka mingi kupata sababu nzuri zaidi ya hizo na sijaipata.

Nikaanza kutolala vizuri. Mchana nilisugua vitu ambavyo vilikuwa safi. Niliwatembelea wale wanaume waliobaki wima siku ile, nikawasifu, nikawaomba warudi. Wale walioanguka sikuwatembelea hata mmoja, ingawa ndio waliohitaji kuona uso wangu. Wote walinijibu sawa: mzee akirudi tutarudi, mzee asiporudi usitusumbue.

Ndipo wifi yangu akaja na tumbo lake.

Alikuwa binti wa mwisho wa bamkwe, aliyeolewa jirani na Nyamira, mcheshi, mwenye mdomo kunishinda mimi. Mimba yake ya kwanza ilikuwa nusura immalize. Alijifungua nyumbani, damu ikakataa kusimama, akaletwa kwetu juu ya kitanda kilichobebwa na wanaume, na alilala wiki tatu akiwa mweupe midomo. Daktari alimwonya kwamba mara ya pili asithubutu kuzaa bila chupa mbili za damu kando yake. Sasa alikuwa na miezi minane, na tulikubaliana akae kwangu mpaka siku yake.

Tulipima damu yake na ya mumewe. Zilipokutana kwenye kioo zikagandana mbele ya macho yetu. Ya kwangu pia. Ya mhudumu, ya mpishi, ya mtunza lango, hakuna. Katika kadi zote tulizokuwa nazo, watu waliopatana naye walikuwa wanne: watatu wa kanisa la Kebirigo, na baba yake. Jokofu lilikuwa tupu.

Nilimpelekea mamamkwe habari kwa haraka, nikijua hakuna mzee ambaye angekataa kuja kwa ajili ya binti yake. Jibu lilirudi baada ya siku mbili, na nililisoma nikiwa nimesimama langoni. Mzee alikuwa amekataa. Alisema damu yake ilikataliwa na Mungu mbele ya mashahidi, na hawezi kuitia ndani ya mwili wa mtoto wake ikamwue. Alisema anafunga kula na kumwombea.

Anafunga tena, nikawaza. Kwa sababu yangu mzee wa watu anafunga tena.

Wifi alikuwa ameketi kitandani kwangu akishona kofia ya mtoto. "Tata anakuja?" aliniuliza juu ya baba yake.

"Atakuja," nikasema.

"Mbona unazunguka chumba hivyo? Utanifanya nizae kwa kizunguzungu."

Nilitoka nikajaribu kwingine, maana mwoga hupenda kuzunguka kabla ya kufika. Nilirudi Suneka juu ya lile gogo. Wanaume wawili wakakubali. Wa kwanza alikuwa na homa ya malaria mwilini. Wa pili alifika mpaka kitandani, akaona sindano, akasema anakwenda kufunga baiskeli yake vizuri, na kama aliifunga basi aliifunga Kisumu. Nilikwenda Nyamira nikarudi na ahadi tupu. Siku zilikuwa zinakwisha. Kila asubuhi nilimpima wifi mapigo yake, naye kila asubuhi aliniuliza swali lile moja kwa sauti ndogo kuliko ya jana yake. Yule mwenye mdomo kunishinda alikuwa ameanza kunyamaza, na kimya chake kilinitia hofu kuliko kitu chochote alichowahi kusema.

Siku ya nne nikaingia ofisini kwa daktari bila kupiga hodi. Nikamwambia wale watu hawakuwa wamekula, kwamba niliambiwa kabla, na kwamba nilimdanganya. Akasema, "Kwa nini wewe nasema leo?" Nikamwambia kwa sababu ya wifi yangu. Akasema kuanzia kesho nitafanya kazi ya kuchemsha sindano mpaka yeye atakaposema basi. Halafu akanipa ruhusa ya siku moja.

Nilifika Kebirigo siku iliyofuata, adhuhuri. Mamamkwe alikuwa jikoni, na bamkwe alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa udongo, akichonga mpini wa jembe. Nilisikia kisu chake kikipita kwenye mti, taratibu, kwa vipimo. Mamamkwe alinipa kibuyu cha uji wa wimbi. Nilikiweka chini.

"Mama," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "mwambie mzee hakuanguka kwa dhambi yoyote. Alianguka kwa njaa."

Mamamkwe aliugeukia ukuta, kama ilivyo desturi. "Anasema hukuanguka kwa dhambi. Ulianguka kwa njaa."

Kisu kiliendelea.

"Mwambie mtu akitolewa damu akiwa hajala wala kunywa, kichwa hukosa damu, huanguka hata akiwa malaika. Na akisimama haraka ndiyo kabisa."

Mamamkwe akarudia, ila malaika akamwacha.

"Mwambie chupa yake haikumwagwa na Mungu. Niliipiga mimi kwa kiwiko." Nilishika nguzo ya jiko. "Mwambie nilijua. Uliniambia chini ya paa kwamba wamefunga, nikajua watadhurika, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka."

Safari hii mamamkwe hakurudia. Alinitazama, na sitaki kueleza alivyonitazama. Nje, kisu kilikuwa kimesimama.

Sauti ya bamkwe ilikuja kupitia udongo, ikielekezwa kwa mkewe. "Muulize, alijua kabla hatujaingia?"

"Kabla," nikasema.

"Muulize, na daktari alijua?"

"Nilimdanganya. Nimemwambia jana."

Nilingoja. Nilingoja mpaka nikasikia nyayo zake zikienda, zikiteremka kwenye shamba la pareto, na hazikurudi. Mamamkwe alikuwa akipanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. "Basi litakuacha," aliniambia tu. Niliondoka, uji wangu ukibaki pale chini umejaa kama alivyonipa.

Njia nzima ya kurudi sikujua nimefanya nini. Kama atakuja, au kama nimemwongezea hasira juu ya aibu. Lakini mikono yangu haikuweza kukaa bure, nikaanza kutengeneza chumba kana kwamba ameahidi. Niliinua miguu ya kitanda upande wa nyayo kwa matofali mawili mawili, ili hata mtu akitaka kuzimia damu imrudie kichwani. Nilipeleka sufuria ya uji mlangoni. Nilitafuta magunzi ya mahindi, mtu ayabinye mkononi damu ikitoka, nami nijue kwamba gunzi likilegea hali si nzuri. Halafu nikachukua shuka langu la harusi, la pekee lisilo na kiraka, nikalitundika kwenye kamba kando ya kitanda kutoka darini hadi sakafuni, na katikati yake nikakata tundu la kupita mkono mmoja.

Mhudumu mzee alikuja kutazama. "Unamwoza nani humu?" akauliza.

"Bamkwe," nikasema, na hakucheka tena.

Daktari alipopita alifikiri ni la kuzuia nzi, akalisifu.

Uchungu ulimshika wifi kabla ya siku yake, alasiri ya Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa bado alikuwa anahangaika. Mhudumu aliitwa kumsaidia daktari, chumba cha damu kikabaki kwangu licha ya adhabu yangu, na mimi nilikuwa nakimbia kati ya wadi na lango, lango na wadi. Wifi alinishika kofia akaivuta. "Usiniambie tena atakuja," alisema. "Niambie tu nitakufa au sitakufa." Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, nikaosha uso, nikarudi langoni.

Lori la pareto lilisimama jua likiwa halijafika kichwani. Walishuka wanaume wanne. Bamkwe alikuwa na koti lake la kanisani. Wale watatu walikuwa wakitafuna. Mmoja alikuwa na ndizi mbivu mkononi na nyingine mfukoni, kama mtu anayekwenda kukaguliwa. Mamamkwe alishuka wa mwisho. Nilitoka njiani, nikasimama majanini, na bamkwe akanipita akielekea chumba cha damu bila kugeuka.

Nilipoingia upande wangu wa shuka, mkono ulikuwa tayari umepita kwenye tundu. Mkono mrefu, wenye makovu ya miiba na udongo wa pareto kwenye kucha, ukiwa umekunjuliwa kiganja juu. Nyuma ya shuka nilisikia mamamkwe akivuta kigoda. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie mamamkwe amwulize mzee kama amepata chochote asubuhi, lakini sauti ikatangulia, na haikupitia kwa mtu.

"Nimekula."

Nilitia sindano. Iliingia mara ya kwanza, nashukuru, ingawa macho yangu hayakuwa yakiona vizuri. Damu ikateremka kwenye mpira. Gunzi likabinywa, likaachiwa, likabinywa. Kila baada ya muda mamamkwe alitoa taarifa bila kuulizwa: "Macho yako wazi." "Jasho hana." "Anatazama dari." Mara moja gunzi lilisimama, na nikajikuta nimelishika shuka niling'oe. "Ana mwasho wa pua," mamamkwe akasema, na gunzi likaendelea.

Chupa ilijaa. Nikatoa sindano, nikabana pamba, nikaufunga mkono. "Mwambie asisimame," nikasema. "Alale mpaka nitakaporudi mimi mwenyewe." Nikamtoa damu mwanamume wa pili, kwenye kitanda cha jirani, akageuza uso ukutani kwa hiari yake, akatoka salama. Nilikuwa nafunga chupa ya pili tuliposikia mtoto analia ng'ambo ya uwanja. Mamamkwe aliangusha kigoda akakimbia. Nikamfuata na chupa zote mbili kifuani, zikiwa na joto bado.

Damu ilikuwa imeanza kumtoka wifi kama mara ya kwanza. Sitaieleza. Nilisimama nimeinua chupa ya baba yake juu ya kichwa chake mpaka bega likafa ganzi, na nilipomaliza ile nikainua ya pili. Daktari alikuwa amelibana tumbo kwa mikono yake miwili, akitukana kwa lugha yake. Kisha akaacha kutukana. Midomo ya wifi ilikuwa ya kijivu, halafu nikajiambia naota, halafu nikaona kweli rangi inarudi. Alifumbua macho akanitazama na ule mkono wangu uliokuwa juu. "Teremsha mkono," akanong'ona, "unaonekana kama unaapa."

Nilipokumbuka chumba cha damu, ilikuwa imepita saa nzima na zaidi. Nilikimbia. Wale watatu walikuwa nje juani wakimalizia uji. Ndani kulikuwa kimya. Bamkwe alikuwa amelala palepale nyuma ya shuka, na mkono wake ulikuwa bado umepita kwenye tundu, kiganja juu, kama nilivyouacha. Nilikuwa nimesema alale mpaka nirudi mimi mwenyewe.

Mamamkwe hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kunipokelea neno. Niliugeukia ukuta, nikasema kwa ukuta, "Binti yako yu hai. Na mtoto yu hai. Damu imesimama."

Ule mkono ulijikunja polepole ukawa ngumi, ukakunjuka tena. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilidhani ataomba, au atasimama, nikajiandaa kumwambia asimame polepole.

"Na wewe," alisema kutoka nyuma ya shuka, "umekula?"

Sikuwa nimekula tangu jana yake asubuhi.